MATUNZO YA LORI DOGO LA REDIO



Sidhani kama yuko mtoto wa Tororo asiyejua gari la waya. Tulipokuwa wadogo tulikunja waya, tukakata tairi kutoka katika soli za ndara zilizochakaa, tukafunga fito ndefu yenye usukani, tukakimbia na gari letu mpaka sokoni na kurudi. Fito ile ndiyo iliyopeleka shauri la mikono yetu kwenye magurudumu ya mbele. Gari ninalotaka kulieleza leo ni ndugu yake gari lile. Tofauti yao ni kwamba fito imeondolewa, na mahali pake pana mawimbi ya redio.

Chama chetu cha Sayansi kina lori moja la namna hii. Tulipewa na mzee mmoja aliyesoma hapa zamani. Ni lori la mashindano ya njia mbovu, wala si la lami. Kila kipimo chake ni kama sehemu moja katika kumi ya lori la kweli, na uzito wake ni kilo 2. Linakwenda kwa betri, na magurudumu yanayosukuma ni yale mawili ya nyuma.

Wengi huliona kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi nasema ni darasa, maana ndani yake mna umeme, mawimbi, mafuta, chuma na hesabu. Tena mna somo moja ambalo sikulipata katika kitabu chochote, bali nililipata kwa aibu siku ya wazazi. Nitalieleza litakapofika mahali pake.

1. ASILI YAKE

Kuendesha chombo kwa mawimbi si jambo la juzi. Mwaka 1898 Bwana Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyogeuka kulia na kushoto pasipo waya wowote. Magari ya kuchezea ya namna hii yalienea sana baadaye. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la redio mwaka 1976, na baada ya hapo yakaja yale yenye tairi za miiba na springi ndefu, yaliyokusudiwa kwa mchanga na mabonde.

Lakini kama twataka kujua maana ya kutayarisha gari kwa njia mbovu, sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1953 yalianza mashindano makubwa ya magari, yaliyopita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tu tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi wa magari aliyezaliwa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant. Volvo yao ilikuwa imekwisha kutumika kabla hawajaipata.

Fikirini hesabu hiyo. Magari 93, na 86 yakabaki njiani! Si kwamba yote yalikosa nguvu. Mengine yalizama katika tope, mengine yalivunjika springi, mengine yaliingiwa na maji au vumbi. Katika njia mbovu, kazi ya kwanza ya gari ni kufika. Kasi huja nyuma yake. Na kufika huanza jana yake, mezani, gari likiwa limefunguliwa.

2. REDIO NA UTARATIBU WA KUIWASHA

Redio ya mkononi hupeleka amri, na kipokezi kilichomo ndani ya lori huzipokea. Amri zenyewe ni mbili tu. Moja huenda kwa mota ndogo ya usukani, ya pili huenda kwa kidhibiti kinachopimia mota kubwa umeme wake.

Redio za zamani zilitumia mawimbi ya mizunguko milioni 27 kwa sekunde. Hizi za sasa hutumia mizunguko milioni 2,400. Mawimbi ya redio huenda mita milioni 300 kwa sekunde. Basi ukigawanya, wapata kwamba wimbi moja la zamani lilikuwa na urefu wa mita 11 hivi, na wimbi la sasa lina sentimita 12 na nusu. Antena ya kawaida hutaka robo ya wimbi. Robo ya sentimita 12 na nusu ni kama sentimita 3 tu. Ndiyo sababu redio za zamani zilikuwa na antena ndefu ya kuvuta, na kipokezi chetu kina kiwaya kifupi kuliko kidole. Usikikate kiwaya hicho kwa kudhani kimezidi!

Kanuni ya kuwasha ni hii, nanyi mwishike kwa moyo: washa ya mkononi kwanza, kisha lori, zima lori kwanza, kisha ya mkononi. Mwenye kuamuru huingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Lori likiwa macho na bwana wake amelala, laweza kuchukua hatua lisiyoamriwa.

Kabla ya kuliweka chini, liinue magurudumu yakiwa hewani. Geuza kulia, geuza kushoto, vuta mafuta kidogo. (Twasema mafuta kwa desturi tu, hali ni umeme.) Kisha, likiwa bado hewani na linazunguka, zima redio ya mkononi kwa makusudi. Mota yapaswa kusimama mara moja. Kama haikusimama, siku hiyo usiliendeshe hata kidogo mpaka kidhibiti kirekebishwe.

Jambo hili si la kuchezea. Lori la kilo 2 likienda kilomita 37 kwa saa lina nguvu sawa na jiwe la kilo 2 lililoanguka kutoka kimo cha mita 5 na nusu. Piga hesabu mwenyewe. Basi usiliendeshe penye watoto wadogo, wala kando ya barabara kuu, wala penye kuku wa watu.

3. BETRI

Betri yetu ina seli sita, kila moja volti 1.2, jumla volti 7.2. Yaweza kutoa ampea 3 kwa muda wa saa moja. Lakini lori likikimbia hula kama ampea 12, kwa hiyo muda wake ni robo saa tu. Watazamaji hulalamika kwamba ni muda mchache. Waambieni wafanye kugawanya.

Betri iliyotoka kazini ina joto. Iache ipoe kabla ya kuichaji. Na ukiichaji kwa ampea 3, ngoja saa moja na kidogo zaidi, maana umeme mwingine hupotea kwa kuwa joto.

Siku hizi ziko betri nyingine za lithiamu, nyepesi na zenye nguvu zaidi. Zenye seli mbili huandikwa volti 7.4. Hizo zataka adabu. Kila seli isipite volti 4.2 ikijaa, wala isishuke chini ya volti 3 ikitumika. Ikihifadhiwa muda mrefu iachwe kwenye volti 3.8 hivi. Chaja yake iwe ya aina yake hasa. Ikivimba, usiitumie tena. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na magodoro na vitabu, na mtu awepo mpaka mwisho. Kuichaji bwenini usiku huku watu wamelala ni kuchezea roho za wenzako.

4. GIA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Mota ina gia ndogo ya chuma yenye meno 21. Hiyo huzungusha gia kubwa ya plastiki yenye meno 84. Gawanya 84 kwa 21, wapata 4. Ndani ya giabokisi mna upunguzaji mwingine wa 2.5. Zidisha, wapata 10. Yaani mota ikizunguka mara kumi, gurudumu huzunguka mara moja.

Mota yetu huzunguka kama mara 20,000 kwa dakika. Basi magurudumu huzunguka mara 2,000. Tairi ina kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo mzunguko wake mmoja ni sentimita 31.4. Mara 2,000 ni mita 628 kwa dakika, nazo ni karibu kilomita 37.7 kwa saa. Njiani hupungua kidogo kwa sababu ya uzito na mchanga.

Ukitia gia ndogo ya meno 24 badala ya 21, hesabu yapanda mpaka kilomita 43. Mvulana yeyote atapenda hiyo ya 43. Lakini umeme haumpi mtu bure. Mota itavuta ampea nyingi zaidi, itapata joto, na betri itakwisha mapema. Ukimaliza mwendo wa dakika tano, sogeza kidole karibu na mota. Ikiwa haishikiki, rudisha gia ya meno machache.

Sasa nafasi baina ya meno. Gia zikibanwa mno, huumana, hupata joto na kulia kwa sauti nyembamba. Zikiachana mno, hukutana kwa ncha tu, na chuma hukwangua plastiki. Kipimo chake ni rahisi nacho hakina gharama. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, uutie katikati ya gia mbili, usukume mota mpaka zikutane, ukaze skrubu zote mbili za mota, kisha uzungushe na kuutoa ukanda. Karatasi ikitoka imekunjika kunjika bila kukatika, nafasi ni njema. Kisha zungusha gia kubwa mzunguko mzima kwa kidole, maana huenda haikuwa duara kamili, na pengine yabana upande mmoja.

Nieleze na difu, kwa kuwa imo humo humo. Lori likikata kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Kati ya tairi zetu za nyuma mna sentimita 30. Likizunguka duara nzima, la nje hupita la ndani kwa karibu mita 1.9, duara liwe kubwa au dogo. Difu ndiyo inayoruhusu moja litangulie. Kuikagua, shika gia kubwa isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili lapaswa kuzunguka kinyume chake, kwa ulaini. Likikwaruza, fungua uone.

Sasa niieleze aibu yangu.

Chama chetu hukutana katika chumba kilichokuwa ghala ya mahindi. Muhula uliopita ghala ile ilitakiwa tena. Mwalimu Mkuu alisema ataamua baada ya siku ya wazazi, akiisha kuona chama chatoa faida gani. Basi usiku wa kuamkia siku hiyo niliona kilomita 37 hazitoshi. Nilitaka wazazi washangae. Nikaondoa gia ya meno 21, nikatia ya meno 24. Taa zilikuwa karibu kuzimwa. Nikapima nafasi ya meno kwa macho tu, bila karatasi. Skrubu ya kwanza ya mota niliikaza, ya pili niliikaza nusu.

Asubuhi tulilijaribu nyuma ya madarasa. Alikuwapo mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye kazi yake chamani ilikuwa kupiga mswaki magurudumu. Baba yake ni fundi wa baiskeli huko Malaba, na mtoto huyu amekulia katikati ya minyororo na beringi. Akaniambia, “Kaka, lina mlio. Linatafuna.”

Nikamjibu, “Wewe umekuja juzi tu. Lori hili si boda boda ya baba yako.” Wenzangu wakacheka, naye akanyamaza.

Saa nane mchana wazazi walikaa chini ya miti. Lori likazunguka mara mbili, nao wakapiga makofi. Mara ya tatu lilipopanda kichuguu tulichokitengeneza, tulisikia mota ikilia kwa nguvu, na magurudumu yamesimama. Mota ilikuwa imerudi nyuma kwa sababu ya ile skrubu ya nusu. Nilipofungua, gia kubwa ilikuwa imekwanguliwa kama muhogo, meno kama ishirini hayapo. Gia ya akiba hatukuwa nayo.

Yaliyofuata nitayaeleza mwishoni. Kwanza tumalize somo.

5. SHOKAPU NA SPRINGI

Springi hubeba uzito. Shokapu huzuia springi isirukeruke. Ndani ya shokapu mna mafuta, na kisahani chenye matundu madogo kilichofungwa kwenye fimbo. Fimbo ikiingia, mafuta hulazimishwa kupita katika matundu yale. Mafuta mazito hupita polepole, na shokapu huwa ngumu. Mafuta mepesi hupita upesi, na shokapu huwa laini. Jua kali huyafanya mafuta kuwa mepesi zaidi, kwa hiyo lori lililokwenda vizuri asubuhi laweza kurukaruka adhuhuri.

Adui wa shokapu ni hewa. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Ukijaza mafuta, simamisha shokapu wima, pandisha na kushusha fimbo taratibu mara kumi, kisha iache mpaka mapovu yote yapande juu na kupasuka. Ndipo ufunge kifuniko. Ukisikia mlio wa kufyonza unaposukuma fimbo, ujue hewa imebaki ndani, urudie kazi.

Kulijaribu lori zima, lishike sambamba na ardhi, kimo cha sentimita 30, uliache lianguke. Likipiga tumbo chini kwa kishindo, ni laini mno. Likiruka tena kama mpira, springi zimeshinda mafuta. Lori jema huzama kidogo, huinuka mara moja, na kutulia. Likiisha kutulia, tazama mikono ya chini inayoshika magurudumu. Kwa njia zetu za murramu sisi huiweka iwe karibu sambamba na ardhi, yaani lori lipate nafasi ya kuzama na nafasi ya kushuka pia. Watu wengi huinua lori juu sana kwa kuogopa mawe, nalo hupinduka kila kona.

6. MAGURUDUMU

Tazama lori kwa mbele. Magurudumu yainamie ndani kwa juu, kidogo tu, digrii 1 au 2. Sababu yake ni kwamba katika kona lori hulala upande, na gurudumu lililoinama kidogo hapo ndipo linapokanyaga kwa uso wake wote. Ukizidisha, tairi italika upande wa ndani.

Kisha tazama kwa juu. Magurudumu ya mbele yakitazamana kidogo kwa ndani, lori hushika njia iliyonyooka. Yakitazama nje kidogo, hukata kona upesi, lakini hutangatanga penye njia iliyonyooka. Rodi za kurekebisha zina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, kwa hiyo wazizungusha bila kuzifungua. Hakikisha kulia na kushoto ni sawa, kisha ndipo urekebishe usukani kwenye redio. Usitumie redio kuficha rodi iliyopinda.

Juu ya tairi: penye vumbi jepesi na udongo mlaini, tumia zenye miiba mirefu. Penye ardhi ngumu iliyokanyagwa, miiba mirefu hulala na kuteleza, na mifupi mingi ni bora. Kagua kama gundi kati ya tairi na rimu imeachia.

Nati na skrubu zote zipitiwe baada ya kila mwendo. Mtikiso huzilegeza bila kuomba ruhusa. Skrubu ya chuma iingiayo katika chuma hutiwa tone moja la gundi ya nati. Iingiayo katika plastiki haitaki gundi hiyo, maana huiharibu plastiki. Hiyo ikazwe kwa kiasi tu, mpaka ishike.

7. VUMBI NA MVUA

Mji wetu wa Tororo umetajwa duniani kwa ngurumo. Katika miaka ya 1967 hadi 1976 zilihesabiwa, zikapatikana kwa wastani siku 251 za ngurumo katika mwaka. Kwa hiyo sisi huendesha asubuhi, na wingu likianza kukusanyika nyuma ya Mwamba wa Tororo twalifungasha lori. Kipokezi na kidhibiti vikilowa, toa betri kwanza, ndipo uulize mengine.

Vumbi la murramu lina chembe ngumu. Likichanganyika na grisi huwa kama msasa. Kwa sababu hiyo usipake grisi kwenye gia kubwa iliyo wazi, bali iache kavu. Grisi ni ya ndani ya giabokisi iliyofunikwa.

Vyombo vyetu vya kusafishia ni mswaki wa zamani, brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Pampu ile hupuliza vumbi kutoka kwenye mota na kwenye pembe zote, wala haina gharama ya umeme. Beringi zichunguzwe kwa kidole. Ikizunguka kimya, iache. Ikikwaruza, itoe, ioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, ikaushe, uitie tone moja la mafuta ya cherehani. Tone moja, si matatu. Mota yetu ni ya namna ya zamani yenye makaa ndani. Makaa hayo hulika, nayo yakibaki mafupi hubadilishwa kabla hayajakwisha.

8. DAFTARI

Kila lori lipate daftari lake. Andika tarehe, hali ya ardhi, gia uliyotia, mafuta ya shokapu, tairi, na jinsi lilivyokwenda. Unapotafuta dawa ya kasoro, badilisha kitu kimoja tu, ujaribu, uandike. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na lori likapona, hutajua kilichoponya. Na likizidi kuugua, hutajua kilichodhuru.

Katika daftari letu, ukurasa wa siku ya wazazi ulibaki mweupe kwa majuma mawili. Nitaeleza kwa nini.

Lori liliposimama, Mwalimu wetu aliniambia nisimame niwaeleze wazazi sababu. Nikasimama. Nikaonyesha gia iliyokwanguliwa, nikaeleza habari za meno 84 na meno 24, na wazazi wakasikiliza kwa makini. Kisha mzee mmoja akasema, “Vyombo kama hivi wasiachiwe watoto wadogo kuvigusa.” Akamtazama yule wa kidato cha kwanza, aliyekuwa amesimama na mswaki wake mkononi. Nami nilinyamaza. Sikusema kwamba ni mimi niliyebadilisha gia usiku. Sikusema kwamba mtoto yule alinionya asubuhi.

Juma lililofuata hakuja chamani. Nilimwendea bwenini, nikamwambia, “Nimekukosea. Ulisikia sawa.” Akauliza, “Kaka, ni skrubu ya mota?” Hakuwa amefungua lori, wala hakuna aliyemwambia. Aliijua kwa sikio.

Siku ile ile nilimweleza Mwalimu ukweli. Ukurasa ukaandikwa, na mwandiko ni wa mtoto yule, kwa maana sasa yeye ndiye mtunza daftari. Gia mpya ilitoka Nairobi kwa basi, ikatufikia kwa njia ya Malaba baada ya majuma matano. Aliipima yeye kwa ukanda wa karatasi, mimi nikamulika taa. Habari ya chumba haijaamuliwa. Tumeambiwa tungoje muhula ujao. Mimi nitakuwa nimemaliza masomo yangu. Wazazi wale sitawaona tena wote pamoja, lakini gazeti hili hufika majumbani mwao. Basi naomba wasome hapa nililopaswa kulisema siku ile: aliyeharibu ni mkubwa, na mdogo alisema kweli.

Mashine husema kabla ya kuvunjika. Wakati mwingine husema kwa sikio la mtu usiyemtazamia. Joginder na wenzake hawakuwa na masikio mengi kuliko sisi, waliyatumia.

MASWALI KWA MSOMAJI

1. Lori lina gia kubwa ya meno 84 na gia ndogo ya meno 20, na upunguzaji wa ndani ni 2.5. Mota ikizunguka mara 20,000 kwa dakika, na kipenyo cha tairi kikiwa sentimita 10, lori litakwenda kilomita ngapi kwa saa?

2. Kwa nini yatupasa kuzima lori kabla ya redio ya mkononi?

3. Lori limeangushwa kutoka sentimita 30, likaruka mara tatu kabla ya kutulia. Utabadilisha nini kwanza, na kwa nini usibadilishe vitu viwili?

Majibu na yaletwe chamani siku ya Jumamosi asubuhi, kabla ya ngurumo. Nawatakia heri.